Tangazo lilikuwa nyuma ya mlango: nilivyopata uongozi wa laini Minnesota

Wiki ya kwanza nimefika Minnesota, kaka mmoja Mbongo, mtu mwema kabisa, koti langu la kwanza la baridi alininunulia yeye, akaniambia "dogo umekuja kubeba boksi, beba boksi, mambo ya weusi na weupe waachie wenyewe." Nikamsikiliza miaka minne. Namheshimu mpaka leo ila ule ushauri ulinigharimu, nauandika hapa ili mwingine asiubebe.

Kazini kwetu ni kiwanda cha kufungasha vyakula kaskazini mwa Minneapolis, jina naliacha. Shifti ya usiku ni saa tano mpaka saa moja asubuhi, tulikuwa kama watu thelathini hivi, karibu wote Waafrika, Waliberia ambao kule Brooklyn Park wamejaa, Wakenya, Wasomali, Wakongo. Viongozi wa laini, yaani wasimamizi wa kila mstari wa mashine, kwa shifti zote walikuwa tisa, mweusi mmoja. Unamfundisha kijana wa kizungu mashine ya kufunga mifuko, miezi sita haijaisha anakuja na redio ya upepo kiunoni anakupangia kazi wewe uliyemfundisha.

Sasa, George Floyd alipouawa pale Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, waajiri wengi wakubwa wa huku walijitokeza hadharani wakaahidi kupunguza pengo la weusi na weupe makazini, kwenye kuajiri, kupandisha vyeo na mishahara. Na kwetu wakaahidi. Ahadi yenyewe ilichapishwa, ikatundikwa kwenye fremu ya kioo pale tunapogongea kadi, nikawa naipita kila usiku.

Mara ya kwanza niliingia HR, ofisi ya masuala ya wafanyakazi, peke yangu, na hapa ndipo nilipokosea. Nilikuwa na hasira, sijalala, nimetoka shifti, nikaanza kueleza ninavyojisikia, kwamba naona kuna ubaguzi, kwamba tunadharauliwa. Dada wa watu akanisikiliza vizuri tu, akaandika andika, halafu akaniuliza: je, uliwahi kuomba nafasi ya uongozi? Sijaomba. Kuna mwenzako yeyote wa usiku aliomba? Sikuwa na jibu. Akaniambia kwa upole kabisa, "nafasi tunatangaza, watu wa usiku hawaombi." Nikatoka pale nimenywea. Baada ya mwezi wakatuletea semina ya ubaguzi wa moyoni, ule mtu anao bila kujijua, masaa mawili, juisi na biskuti, mtaalamu akatuambia tufumbe macho tufikirie. Tukafumba. Tukarudi kwenye laini, viongozi ni walewale tisa.

Kilichofungua kila kitu ni karatasi ya kodi. Ya kwangu ilikuja na jina limekosewa, nikaambiwa nipite ofisini mchana. Nikapita saa saba hivi mchana kwenye ile korido ya maofisi, ambayo sisi wa usiku hatuijui maana mlango wake unafungwa saa kumi na moja jioni na unafunguliwa saa mbili asubuhi, kadi zetu haziufungui. Ukutani kuna ubao wa kijani. Na kwenye ubao, imebanwa na pini mbili, karatasi: ANATAKIWA KIONGOZI WA LAINI, SHIFTI YA USIKU. Shifti yetu wenyewe jamani! Mwisho wa kuomba ilikuwa juzi yake. Nilisimama pale kama dakika tano naisoma tu. Siku zote tulikuwa tunaambiwa hatuombi, kumbe tangazo linakaa nyuma ya mlango ambao sisi hatuwezi kuufungua.

Nikapiga picha. Kuanzia siku hiyo kila Jumanne na Ijumaa nikawa naamka mchana naenda kupiga picha ubao, nikisingizia vikaratasi vya likizo, karibu miezi minne. Kwenye daftari naandika limebandikwa lini, limetolewa lini, nani kapata. Tarehe ni muhimu sana, maana huku Minnesota ukitaka kupeleka malalamiko EEOC, tume ya shirikisho ya ubaguzi kazini, una siku 300 tu tangu ulipotendewa, usisubiri kama mimi.

Jambo la pili kwenye ile karatasi: awe na cheti cha haiskuli cha Marekani. Cheti changu cha Form Six nililipa kitafsiriwe na kulinganishwa, kama dola mia mbili ziliniteketea, ila kuna wenzangu wametoka kambi za wakimbizi hawana hata karatasi na laini wanaijua kuliko mimi. Nikasoma soma nikaikuta kesi ya Griggs. Kampuni ya umeme ya Duke Power, North Carolina, iliwawekea wafanyakazi sharti hilohilo la cheti, na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1971 ikasema kama cheti hakihusiani na kazi yenyewe na kinawachuja weusi, ni kosa hata kama hukukusudia. Hilo neno la kutokukusudia ndilo lililonisaidia, kwa sababu sikuhitaji tena kumuita mtu mbaguzi.

Mishahara tulilinganisha kwenye gari langu, Januari, hita imewashwa, watu wanne wanne, slipu mapajani. Wengine waliogopa watafukuzwa, nikawaambia sheria ya kazi ya 1935 inatulinda kuongelea mishahara yetu. Tukakuta watu wa usiku wenye miaka mingi wanazidiwa zaidi ya dola moja kwa saa na walioajiriwa juzi mchana.

Mara ya pili tuliingia watu sita. Sikusema ninavyojisikia. Nikaweka mezani zile picha kwa mpangilio wa tarehe, daftari, na picha ya ile ahadi ya kwenye fremu. Yule dada akaangalia picha ya mlango, akanyamaza, akamwita meneja wake.

Haikuwa haraka, ilichukua karibu mwaka. Ila sasa nafasi zinakuja kwa meseji kwenye simu ya kila mtu, zinakaa wiki mbili, na sharti limeandikwa cheti AU mwaka mmoja kwenye laini. Mshahara nao unaandikwa, na tangu tarehe 1 Januari 2025 hiyo ni sheria ya Minnesota kwa mwajiri mwenye watu 30 na zaidi. Pengo la mishahara wamerekebisha nusu, nusu bado tunadai. Kuanzia mwaka 2024 kampuni nyingi Marekani zilianza kurudi nyuma kwenye ahadi zao, na fremu yetu imeshushwa pale kwenye kadi. Meseji bado zinakuja, kwa sababu ziko kwenye utaratibu wa kazi na siyo kwenye fremu.

Mimi nilipata laini ya tatu. Laini ya tano akapata mama mmoja Mkongo, miaka kumi na moja pale. Nilimfuata zamani nikamuuliza, mama, mbona hukuwahi kuomba? Akaniambia, "mutoto yangu, miye nilizani ile kazi ni ya bazungu." Usiku wake wa kwanza alishika ile redio kwa mikono miwili, akabonyeza, akaita laini yake kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili, na wote wakaitika.