Waranti ya yadi ya magari: kabla hujaongeza laki sita soma hiyo karatasi

Kuna yadi hapa Mwanza ukishapatana bei ya gari wanakuletea na waranti, yaani unaongeza hela kidogo unapewa miezi sita, ikizingua wanatengeneza wao. Dada yangu aliwekewa hiyo mezani kwa laki sita wakati ananunua Toyota Noah, na alikua ameshakubali moyoni maana biashara yake ni dagaa, anachukua Mwaloni pale Kirumba anasambaza Sengerema mpaka Geita, gari ikilala siku mbili tu mzigo umekwama na wateja wamehamia kwa mwingine. Namuelewa kabisa. Nilichomuomba ni kimoja, asitoe hata mia kabla hatujaisoma karatasi yenyewe, maana kila alichokua anaambiwa kilikua cha mdomo.

Ikaja A4 moja ina muhuri. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa INJINI NA GIABOKSI, chini kwa herufi ndogo ndio kuna mambo. Waranti haihusu uharibifu uliotokana na gari kuchemsha. Haihusu gari inayotumika kibiashara. Gari ikiguswa na fundi wa nje waranti imekufa hapohapo. Mwisho wa wanacholipa ni milioni moja, na gari ikikwama gharama ya kuivuta ni juu ya mteja.

Hiyo ya kuchemsha watu wanaipita haraka na ndio inayoua kila kitu. Injini za hizi gari mara nyingi hazifi tu zenyewe, inaanza hosi kupasuka au rejeta kuvuja au feni kugoma kuzunguka, maji yanaisha, mshale wa joto unapanda na dereva hajauona kwa sababu yuko kwenye foleni ya Buzuruga anahangaika na bodaboda, gasketi ya silinda hedi inaungua, maji yanaingia kwenye oili, injini imekwisha. Sasa ukitoa kuchemsha kwenye waranti ya injini unabaki unalipia nini? Na ya biashara ndio kabisa, mwenye yadi anajua kwamba huyu mama anabeba dagaa, amemsikia akisema, bado anamuuzia karatasi inayosema gari ikibeba dagaa haina waranti. Hilo liliniuma sana.

Giaboksi nayo ina lake. Noah za kuanzia 2007 zinatumia CVT, yaani giaboksi ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua, na hizi zina oili yake maalum, ukiweka ATF, ile oili ya otomatiki za kawaida, kama tulivyozoea kwenye gari za zamani inaanza kuteleza na kushtuka mpaka inakufa. Mtu wa kwanza atakayekuuliza "ulimwaga oili wapi" ni huyohuyo aliyekuuzia waranti, na kama huna risiti ya gereji yao anakwambia pole. Kwahiyo uliza gereji yao iko wapi. Ya hawa ilikua Dar. Kilomita zaidi ya elfu moja na mia kwenda kubadilisha oili!

Muuzaji alipoona tunasoma mstari kwa mstari akasema, "Mama, hiyo karatasi ni fomaliti tu, sisi hatuwezi kukutupa mteja wetu." Dada akamjibu taratibu tu, "Basi mwanangu kama ni fomaliti, futa hapo kwenye biashara na hapo kwenye kuchemsha uandike haya unayoniambia, usaini." Akasema hana mamlaka, fomu inatoka kwa bosi. Mimi hapo nikawa nimeshapata jibu.

Na kitu kingine ambacho wengi wanachanganya, waranti ya yadi sio bima. Bima ziko chini ya TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, kampuni ikikuzungusha kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima unapeleka malalamiko. Karatasi ya yadi ni ahadi ya mwenye yadi, akifunga au akihamisha kibao umebaki na karatasi. Alafu hata bima kubwa yenyewe inakulinda na ajali, wizi na moto, giaboksi ikifa kwa uchakavu hawakulipi. Na usiuziwe waranti kama kinga ya kudanganywa kilomita au kufichwa kwamba gari ilipata ajali, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza muuzaji kumpotosha mnunuzi, hiyo ni haki yako bila kulipia.

Sio kwamba waranti zote ni za kupigwa. Ikiandika gereji ya hapahapa Mwanza, spea na ufundi vyote juu yao, kiwango cha kulipa kinakaribia bei ya giaboksi kweli, na matumizi yako wameyaandika kama yalivyo, mimi ningelipa, hasa kwa gari ya hybrid, ile inayotumia petroli na umeme, maana betri kubwa ile sio kitu cha kuchangishana kwenye familia. Ila kwa IST au Vitz ambazo spea zake zimejaa na kila fundi wa Nyakato anazijua, hapana.

Tulichofanya sisi tulimuita fundi wetu asubuhi kabla gari haijawashwa, hii ni muhimu, ukikuta injini ina moto tayari sema nitarudi kesho. Akafungua mfuniko wa rejeta akaangalia kama kuna utandu wa mafuta, akanyanyua kapeti chini ya siti ya dereva kutafuta kutu na matope, akapima na mashine ya kusoma hitilafu, alafu akaipandisha Isamilo kwenye kile kilima AC ikiwa imewashwa huku mkono uko kwenye dashibodi anasikiliza. Kuweka gia ya mbele (D) kutoka ya nyuma (R) alirudia mara nyingi mpaka muuzaji akachoka. Tukaomba na ile karatasi ya mnada wa Japan, ina gredi na kilomita za siku ilipouzwa kule, ukikuta gredi ni R ujue iliwahi kugongwa ikatengenezwa. Yetu haikua na R, kilomita zikaendana, ila bushi za mbele zilikua zimeisha na fundi akasema oili ya giaboksi imwagwe mapema.

Dada akaikataa waranti, akatumia hizo bushi kushusha bei, na akadai kitu kidogo tu, siku kumi na nne za injini na giaboksi kwa maandishi bila kile kipengele cha kutoa kuchemsha wala cha kutoa biashara, bure. Walibisha sana ila wakasaini, nadhani kwa sababu hela ilikua mkononi na jioni ilikua inaingia. Akachukua na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ya bei kamili, sio ile ya nusu bei waliyotaka kumpa. Katika zile laki sita alitoa za kumwaga oili ya CVT na kubadilisha bushi, zilizobaki ziko kwenye simu yake na hazigusi kwa kitu kingine chochote mpaka gari ije izihitaji.