Haken ipi?

Jana darasani nilijitia ujuzi. Tulitakiwa tuzungumze dakika tano kwa Kijapani kuhusu mataifa makubwa yanavyowatawala wengine, nami nikaanza kwa sauti: "Leo nitaongelea haken." Mwenzangu wa dawati la mbele akashusha pumzi. "Afadhali, maana mkataba wangu unaisha mwezi ujao."

Kumbe haken ziko mbili, na kwa sikio langu hazina tofauti. Moja ni ubabe wa dola. Nyingine ni mfanyakazi anayepelekwa na wakala kwenye kampuni ya watu. Ikabidi niende ubaoni kuandika ile "ha" ya ubabe kwa kanji, herufi zenye asili ya Kichina. Mistari 19! Ndani yake kuna alama ya ngozi na ya mwezi; mimi nilikwama kwenye ngozi.

Sensei, mwalimu wetu, akanimalizia, akasema ha hiyohiyo iko kwenye hadō, utawala wa mabavu, kinyume cha ōdō, njia ya mfalme mwadilifu. Mwaka 1924 Sun Yat-sen, mwanamapinduzi wa China, alihutubia mjini Kobe, Japani, akawauliza Wajapani watachagua ipi. Walichochagua tunakijua: mabavu. Siku hizi ōdō utaikuta hata kwenye tangazo la rameni, tambi za mchuzi, maana yake "ile yenyewe, haina mbwembwe", na haken hupewa katuni iliyozifunika nyingine msimu huo.

Ubeberu nikautafsiri teikokushugi, itikadi ya dola la kifalme. Wakauliza hilo neno la Kiswahili, ubeberu, limetoka wapi. Nikasema: kwa mbuzi dume. Sensei alicheka mpaka akavua miwani.