Mkafuri wa Nagasaki

Meli yetu ilitia nanga katika gati la Matsugae, mjini Nagasaki, Japani, asubuhi na mapema, na tangazo likatolewa kwamba kila abiria awe amerudi kabla ya saa kumi na nusu alasiri. Shangazi, ambaye bintiye aliyeko Muscat ndiye aliyetulipia safari hii, aliitazama saa yake mara tatu kabla hatujamaliza kushuka ngazi.

Tulianzia Dejima, kwa kuwa tuliweza kufika kwa miguu. Kisiwa hiki kilichojengwa kwa mikono mwaka 1636, kwa umbo la pepeo, ndicho mahali ambapo Waholanzi walifungiwa kuanzia mwaka 1641 kwa zaidi ya miaka mia mbili, wakifanya biashara huku daraja moja tu likiwaunganisha na mji. Nilitarajia kuona maji pande zote, kumbe bahari imefukiwa na kisiwa kimemezwa na mji. Majengo mengi ni mapya, yamejengwa kwa kufuata ya zamani, na nakiri kwamba yalinipoza kidogo. Kilichonigusa ni kujua kwamba miongoni mwa bidhaa zilizotoka hapa, pamoja na shaba, ilikuwemo kafuri.

Kutoka hapo tulipanda tramu kuelekea mtaa wa Urakami. Huku abiria huingia kwa mlango wa nyuma na kulipa kwa dereva wakati wa kushuka, jambo tulilolijua baada ya kusimama mlango wa mbele tukiwa na sarafu mkononi.

Katika jumba la makumbusho la bomu la atomiki ipo saa ya ukutani iliyosimama. Akrabu fupi imeelekea kumi na moja, nami nikaisoma kimoyomoyo kama tunavyosoma kwetu: saa tano na dakika mbili, asubuhi ya tarehe 9 Agosti 1945. Bomu lililipuka angani, kiasi cha mita 500 juu ya mtaa huu, na kufikia mwisho wa mwaka ule watu wapatao 74,000 walikuwa wamekwisha kufa. Shangazi hakutaka kuendelea na vyumba vilivyobaki. Alikwenda kukaa nje, nami nikamfuata.

Hekalu la Sanno liko umbali wa mita 800 hivi kutoka chini ya mlipuko. Lango lake la mawe lilibaki na nguzo moja, nayo bado imesimama peke yake juu ya ngazi, imebeba nusu ya kichwa cha lango. Mbele zaidi ipo mikafuri miwili mikubwa, iliyounguzwa ikabaki vigogo vitupu, kisha ikachipua tena. Sasa matawi yake yametanda hata ua wote uko kivulini.

Shangazi aliokota jani lililoanguka, akalifikicha, akalinusa. Amewaosha maiti wanawake wa mtaa wetu kule Tanga kwa zaidi ya miaka thelathini, na kafuri ameijua ikiwa vipande vyeupe vya kutiwa katika maji ya mwisho. Hakuwahi kuuona mti wake.

“Kumbe una majani,” alisema, akalifunga lile jani katika pindo la kanga.

Tulirudi melini zikiwa zimebaki dakika ishirini, bila kuonja hata champoni, ile supu ya tambi ya Nagasaki niliyokuwa nimeisubiri wiki nzima. Meli ilipopita chini ya daraja la Megami Shangazi alikuwa amekwisha sinzia kitini, na nilipomvua miwani nilisikia harufu ya kafuri vidoleni mwake.