Gwaride la bendera, kama wazee wa Mombasa wanavyolikumbuka

Ukirudi Mombasa baada ya miaka mingi ughaibuni, ukakaa barazani na wazee waliotumikia jeshi, usitarajie waanze na hadithi za vita. Wataanza na gwaride la bendera ya kikosi. Watabishana mpiga ngoma alitokea upande gani na nani aliikabidhi bendera kwa nani, mpaka kahawa ipoe vikombeni. Sisi tuliorudi baada ya kutumikia jeshi la Uingereza tunawafuata bila shida, kwa kuwa asili ya gwaride ni moja. Kenya ililirithi kutoka King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Vikosi vya 3, 5 na 11 vya KAR vilipogeuka Kenya Rifles mwaka 1963, bendera zilibadilika, hatua zikabaki. Tunayaandika haya kwa vijana watakaolitazama tarehe 12 Desemba, Siku ya Jamhuri, bila kujua jicho liwekwe wapi.

Zamani, moshi wa baruti ulipofunika uwanja wa vita, askari aliyepotezana na wenzake aliitafuta bendera na kukusanyikia hapo. Basi ilimpasa aijue vizuri. Ndiyo sababu hupitishwa mbele ya safu polepole, kila mtu aione. Kwenye kitambaa hushonwa majina ya mapigano: miongoni mwa yale ya KAR mna Nyangao, Gondar na Kalewa. Sanamu za shaba za askari zilizosimama mjini Mombasa ni kumbukumbu ya Vita vya Kwanza vya Dunia, vita vile vile vya Nyangao.

Gwaride lenyewe huenda hivi. Baada ya ukaguzi, bendi huvuka uwanja kwa mwendo wa pole, hatua 65 hivi kwa dakika, kisha hurudi kwa mwendo wa haraka, 116 hadi 120. Mpiga ngoma mmoja hujitenga na wenzake, akaenda ubavuni pa gadi ya kulia (gadi ni kundi la askari waliopangwa safu) na kupiga wito. Hiyo ni ishara ya gadi itakayoisindikiza bendera. Gadi ikishafika, sajenti meja huipokea bendera kwa sajenti aliyekuwa akiilinda, akamkabidhi luteni. Wengine wote wanapotoa heshima kwa silaha, askari wa pembeni hugeuka nje, bunduki tayari. Tazama hapo hasa. Hata wakati wa heshima bendera haiachwi bila mlinzi, na wazee wetu hawamsamehe askari anayegeuka kwa kuchelewa.

Ubishi mwingi wa barazani unatokana na bunduki. Aliyefunzwa kwa Enfield ya enzi ya KAR aliilaza begani. Waliokuja baadaye, bunduki zikiwa na mshikio kama wa bastola, waliisimamisha ubavuni. Wote wanasema kweli, kila mmoja kwa zama zake.

Kosa ambalo watazamaji wengi hawalielewi ni la miguu kupishana. Huwa wanamlaumu askari, kumbe mkosaji ni sauti. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, na mwendo wa hatua 120 ni hatua moja kila nusu sekunde. Aliye mita 170 kutoka kwenye ngoma hulipata pigo likiwa limechelewa hatua nzima: akilifuata, ataweka kushoto wakati wa mbele wameweka kulia. Jukwaa la saruji linaongeza mwangwi, mambo yakaharibika zaidi. Dawa yake ni kufuata bega na kisigino cha aliye mbele, na kushika urefu wa hatua, inchi 30, yaani sentimita 76.

Kisha kuna upepo. Bendera ya kikosi kwa kipimo cha Uingereza ni kama sentimita 114 kwa 91, juu ya mti wa mita 2.6. Mguu wa mti hukaa kwenye kikombe cha mkanda, na mkono wa kulia huwa sawa na mdomo, umeshika mti pamoja na ncha ya kitambaa. Ncha huachiwa wakati wa heshima. Desemba kaskazi ikivuma, kitambaa hicho hujaa kama tanga. Luteni akiiinamisha bila kuupima upepo, kitajizungusha mtini au kitamfunika uso. Apime kwanza, kisha aiteremshe kwa namna ambayo upepo utakilaza kitambaa chini. Mazoezi ya jambo hili yafanywe nje, penye upepo. Ukumbini hayamfundishi mtu kitu.

Wanaozimia huzimia kwa sababu zinazojulikana: magoti yaliyokazwa, damu inayotuama miguuni, jua, na tumbo tupu. Maji yaanze kunywewa tangu usiku, uji uliwe alfajiri, vidole vichezwe ndani ya buti, uzito uegemezwe mbele ya nyayo. Aliye kando ya mwenzake aliyeanguka hasogei. Wa huduma ya kwanza hupita nyuma ya safu.

Pwani inaongeza kazi yake. Vifungo vya shaba vilivyong'arishwa jioni huweza kufifia kufikia asubuhi kwa chumvi ya hewa, basi hupitishwa kitambaa tena kabla ya kupanga mstari. Bendera ya hariri isikunjwe ikiwa na unyevu, wala isianikwe juani: itaota ukungu au itachanika kwenye mikunjo. Ikaushwe kivulini, penye hewa.

Ukimpeleka mzee wako kutazama, mfikishe mapema, apate kivuli na maji. Bendera ikipita atasimama wima. Akiwa kichwa wazi hatapiga saluti ya mkono, na asihimizwe kuipiga. Mchagulie kiti upande wa kushoto wa jukwaa. Safu inawatazama nyinyi, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwenu, na huko ndiko mpiga ngoma anakokwenda.