Magnolia: matawi ya chini yaacheni jamani

Kama una ule mti wa magnolia wenye majani mazito ya kung'aa, yaani Magnolia grandiflora, na mtu anakushauri ukate matawi ya chini ili mti "upumue", nakuomba usimsikilize. Nimeona miti mizuri ikifanyiwa hivyo na roho inaniuma kila mara, maana matawi yale yanayogusa ardhi ndo yanautunza mti wenyewe.

Mizizi yake haizami sana, inatambaa juujuu, so kivuli cha yale matawi ndo kinafanya udongo usikauke. Halafu mti huu ni kijani mwaka mzima lakini haimaanishi haudondoshi majani, jani linakaa kama miaka miwili hivi linaanguka, kwa hiyo kila msimu kuna kinachoanguka na mengi zaidi ni pale machipukizi mapya yanapotoka, na majani yenyewe ni magumu kama ngozi hayaozi haraka. Matawi ya chini yakiwepo, majani yote yaliyoanguka yanaishia humo ndani hakuna anayeyaona, tayari ni matandazo ya bure ya kufunika udongo. Ukishakata ndo unaanza kufagia kila siku na kusema mti mchafu, na nyasi hapo chini hazistawi kwa sababu ya giza na mizizi. Na tawi nene likishakatwa kidonda kinachelewa sana kufunga.

Kinachotakiwa ni nafasi tu. Asili yake ni kusini mashariki mwa Marekani, North Carolina hadi Florida na Texas, na huko unapita mita 20, sasa wewe unaupanda umebanana na ukuta halafu unashangaa! Eneo dogo chukua aina ya magnolia hii inayoitwa Little Gem, ni mwembamba, haukui sana na unaanza kutoa maua ukiwa bado mdogo. Mpe jua, udongo wenye asidi kidogo usiotuamisha maji, maji ya kutosha miaka ya mwanzo. Baridi ya kiasi unavumilia, ila theluji nzito inalala kwenye majani na kuvunja matawi.

Maua yake jamani!! Meupe, mengine yanafika sentimita 30, harufu ya limau. Ukoo wa magnolia ni wa kale sana, na mbawakawa ni kati ya wachavushaji wake. Ua lenyewe halidumu, siku chache linageuka kahawia, lakini yanafuatana kiangazi chote.

Ukinunua mche uliza kama ni wa mbegu au wa kubebeshwa (yaani kikonyo cha mti mwingine kimeunganishwa kwenye shina), wa mbegu unaweza kusubiri miaka 10 na zaidi bila ua, na chagua mdogo kwa sababu mkubwa unateseka sana ukihamishwa. Na kama kuna tawi ni lazima litoke, litoe likiwa bado jembamba, baada ya maua kuisha.