Alizikwa na Kanisa Gani?

Mimi ni mtu wa Kisauni, Mombasa, nimekulia karibu na Kengeleni, mahali palipopata jina kutokana na kengele ya Freretown, makazi ambayo wamisionari wa CMS, chama cha Kianglikana cha Uingereza, waliyafungua mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Kwa hiyo mke wangu, Mkrio aliyezaliwa London, aliponiomba nifuatane naye hadi Freetown, Sierra Leone, mji wa jamii yake ya Wakrio, kutafuta asili ya nyanya yake mzaa mama, nilidhani njia ninaifahamu: mtu huuliza jina la ukoo, kisha hulifuata hadi linakoishia. Dhana hiyo ilitugharimu siku tatu.

Tulitua Lungi, kwenye uwanja wa ndege, mwezi Januari, vumbi la harmattani, upepo mkavu utokao Sahara, likiwa limeifunika milima, tukavuka kwa boti hadi Aberdeen, mtaa wa Freetown. Siku hizo tatu tulizunguka mjini na jina la ukoo la nyanya, jina la Kiingereza, tukimwandika kila mwenye jina hilo tuliyetajiwa. Wazee walituvumilia kwa adabu, mpaka mmoja wao, aliyewahi kuwa mtunza hazina wa kanisa, alipotuuliza kwa nini tunajikusanyia watu wasio wetu. Alitukumbusha kwamba Wakrio hawana shina moja. Wako waliotokana na watu weusi wapatao 1,190 waliofika kutoka Nova Scotia mwaka 1792, wako wa Wamaroon wa Jamaika, kizazi cha watumwa waliotoroka, waliofika mwaka 1800, na walio wengi ni wajukuu wa mateka walioshushwa hapo kutoka katika merikebu zilizokamatwa na wanamaji wa Uingereza baada ya sheria ya 1807 kupiga marufuku biashara ya watumwa. Mateka hao wengi walipewa, au walijichagulia, majina ya magavana, wamisionari na wafadhili. Samuel Ajayi Crowther mwenyewe, Myoruba aliyeshushwa mwaka 1822 na baadaye akawa askofu, alibatizwa mwaka 1825 kwa jina la kasisi wa Uingereza. Basi watu wawili wenye jina moja la ukoo huenda wanachounganishwa nacho ni mfadhili tu, wala si damu.

"Liacheni jina," alisema mzee yule. "Niambieni alizikwa na kanisa gani."

Jibu tulikuwa nalo, limekunjwa ndani ya begi: karatasi ya ibada ya mazishi ya nyanya, iliyotaja kanisa katika mojawapo ya vijiji vya mateka mlimani, upande wa Regent, Gloucester na Leicester. Tulipanda huko Jumapili. Baada ya ibada, ajuza mmoja alimshika mke wangu mkono na kumuuliza, "Udat na yu pipul dɛm?", yaani watu wako ni nani. Jina la ukoo alilisikiliza bila kutikisika. Alichotaka ni jina la nyumbani, lile ambalo Wakrio humwita mtoto wakiwa ndani, na ambalo mara nyingi ni la Kiyoruba. La mke wangu maana yake ni "mama amerudi". Kwa mwenye kujua, jina la namna hiyo ni tarehe, kwa kuwa hupewa binti anayezaliwa baada ya bibi yake kufariki. Ajuza alihesabu miaka kwa vidole, akayakumbuka mazishi, akakumbuka hata awujo, karamu ya marehemu, na nani aliyepika, kisha akatuonyesha benchi walilokuwa wakikalia watu wetu. Sijawahi kuona kumbukumbu ya ofisi inayofanya kazi kwa wepesi ule.

Kitabu cha ubatizo kililetwa Jumatatu, kimefungwa kwa kanga kuukuu. Babu wa nyanya alikuwemo: jina, kijiji, baba mpasua mbao, na mama mwenye jina moja tu la Kiingereza, bila ukoo. Kitabu cha kabla ya hicho kilikuwa kimeliwa na mchwa.

Tukaenda Fourah Bay, chuo cha Freetown, kwenye hifadhi ya nyaraka, kunakotunzwa madaftari ya mateka waliokombolewa. Humo kila mtu ana namba, jina la Kiafrika kama karani alivyolisikia, jinsia, umri, urefu na alama za mwilini. Tatizo lilijitokeza mara moja, na sioni kama fedha au subira ingeliondoa: daftari la serikali liliandika jina la nyumbani kwao, kitabu cha kanisa kiliandika jina la Kikristo, na kwa mama yule hapakuwa na mstari wa kuyaunganisha. Wakati wa kurudi tulipita kwenye lango la King's Yard, ua walikopokelewa mateka baada ya kushushwa, kando ya hospitali, ambako jiwe la mwaka 1817 linasifu ushujaa na ukarimu wa Waingereza kwa kuwaokoa Waafrika. Hakuna jina hata moja la aliyepita hapo.

Siku ya kuaga tulirudi mlimani. Ajuza alitoa ndani ya Biblia yake karatasi ya ukoo iliyochakaa mikunjoni, akauliza binti yetu alibatizwa wapi. Nikamwambia, Freretown. Alicheka, akidhani nimekosea kutamka jina la mji wake, nami nikalazimika kumweleza habari za kengele tangu mwanzo. Kisha akaandika, taratibu, jina la nyumbani kwanza, la ubatizo baadaye, na chini ya mpasua mbao akaniomba nimtajie herufi za Kisauni moja moja.