Paracetamol chini ya hadubini

Leo maabara tumekuza fuwele za paracetamol, hii hii ya homa na kichwa. Unayeyusha unga kwenye maji ya moto, unachuja, unaacha upoe taratibu. Ukiharakisha kwa barafu unaambulia punje ndogondogo tu. Zetu zimetoka angavu, kingo kali, nimeng'ang'ania hadubini hadi mwenzangu akaninyang'anya!

Kinachozishikilia ni bondi za haidrojeni, yaani mvutano kati ya haidrojeni ya molekuli moja na oksijeni ya nyingine. Haidrojeni ya OH (oksijeni na haidrojeni zilizoungana) hushika oksijeni ya kabonili (kaboni iliyoungana na oksijeni kwa bondi mbili) ya molekuli jirani. Ya NH (nitrojeni na haidrojeni) hushika oksijeni ya OH ya jirani mwingine. Hivyo hivyo mpaka yanajengeka matabaka. Molekuli zinaweza kujipanga kwa namna zaidi ya moja, kila namna huitwa fomu. Kwenye fomu ya I, iliyo thabiti zaidi, matabaka yana mawimbi kama bati la nyumba, hayatelezi. Ndiyo maana unga wake mtupu ukiugandamiza, kidonge hupasuka kirahisi, na viwanda huongeza vitu vya kuushikamanisha. Fomu ya II ina matabaka bapa, inagandamizika vizuri, ila haitulii: huelekea kugeuka kuwa ya I. Molekuli ni ile ile jamani, mpangilio tu.

Wiki ijayo tunaitafuta hiyo ya II, ikikubali.